Fizikia Iliyo Ndani ya Jiko

Tulipochagua masomo ya Kidato cha Tatu, wengi wenu mliitupa Fizikia kama ganda la muwa. Ati ni fomula tupu! Mama naye alitaka nichukue Biashara, maana yeye huuza chapati hapa Murera na anajua shilingi inavyotafutwa. Mimi nilishikilia Fizikia, na jiko lake ndilo lililonipa sababu.

Ni lile jiko mnalolijua nyote, lenye kiuno, bati nje na udongo wa kuchomwa ndani. Mafundi wa jua kali wameliunda hapa Kenya tangu miaka ya 1980. Mama hulikoka saa kumi na moja alfajiri ili watu wa mjengo wapate chapati moto. Udongo ukipasuka, makaa yanakula faida yote. Jiko likilala kwa fundi hakuna mauzo, na mimi natembea hadi shuleni. Mwaka jana lilipasuka mara tatu jameni!

Mara ya tatu nilikaa na fundi akilitengeneza. Akaniambia, "Kijana, udongo hauogopi moto, ulishapikwa kwa tanuri. Shida ni kwamba bati na udongo kila mmoja anapanuka kivyake." Ndiyo maana katikati yao hushindilia saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayovimba yakichomwa. Yakiwekwa kidogo, wawili hao wanakosana.

Mnakumbuka kile kipande cha shaba na chuma cha Kidato cha Kwanza, kinachojikunja kikipata moto? Neno ni lile lile. Kisha mwalimu akatusomea habari za mtambo wa ITER unaojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, nikaona jiko la mama limevaa suti. Humo wanataka kuunganisha viini vya haidrojeni kama lifanyavyo jua, kwa joto la nyuzi milioni 150. Sumaku huuzuia moto huo usiguse kuta, lakini joto jingi bado huzifikia. Basi upande wa moto wanaweka tangsteni, ile ya uzi wa balbu za zamani, isiyoyeyuka mpaka nyuzi 3,422. Ndani yake hupita bomba la aloi ya shaba lenye maji ya kupoza, kwani shaba hupitisha joto upesi. Lakini shaba hupanuka karibu mara nne ya tangsteni! Ukizifunga pamoja hivi hivi, zitavutana hadi zipasuke. Dawa yao? Tabaka la shaba safi, laini, katikati, likubali kubonyea ili wakubwa wasivunjane. Tofauti ni kwamba tabaka la kule lazima lipitishe joto haraka, na la jiko lilizuie lisitoroke. Hilo la kule naliona gumu zaidi.

Januari mwaka huu nilimwomba fundi anenepeshe ule mchanganyiko kidogo. Kila Jumamosi nakagua jiko likiwa baridi na kuandika daftarini. Sasa ni Juni, na kuna ufa mmoja tu, karibu na mlango wa majivu, urefu wa kucha. Haujaongezeka tangu Aprili. Mama amefurahi, ila bado anauliza Fizikia italipa lini.