Nyumba Njema Si Mlango: Safari ya Kutafuta Nyumba Kuukuu Ufaransa



Ndugu msomaji, wazee wetu walitufunza kuwa nyumba njema si mlango. Methali hii naijua tangu utoto wangu hapa Lamu, lakini nafsi yangu haikuionja ladha yake hadi mwezi wa Oktoba uliopita, niliposimama katika kijiji kimoja cha katikati ya Ufaransa, mvua ikininyeshea, na mkononi nikiwa na ufunguo wa chuma uliotimia urefu wa kiganja changu.

Sababu ya safari ilikuwa mwana wa dada yangu. Yeye ni muuguzi na makazi yake ni Marseille, bandari ya kusini ambako jamaa zetu wengi wa visiwa vya Ngazija wamepiga kambi tangu zamani. Mkewe amezaliwa papo hapo, wa asili hiyo ya Ngazija, na pamoja nao huishi mama mkwe, mjane aliyevuka miaka sabini. Wote hao, pamoja na watoto wawili, wamebanana katika vyumba viwili vya kupanga, ghorofa ya sita. Mpwa wangu ameweka akiba kwa miaka kumi na miwili, na ameazimia kutoingia katika mkopo wa riba. Kwa bei za Marseille, akiba yake hainunui hata baraza.

"Mjomba," aliniambia, "huko mashambani watu wamehama, na nyumba za mawe zauzwa kwa bei ya gari. Wewe umekulia katika nyumba kuukuu, na kuta wazijua. Twende unitazamie."

Tukafunga safari ya kutwa nzima kwa gari kuelekea jimbo la Creuse. Ni nchi ya vilima vya kijani, ng'ombe wekundu na vijiji vya mawe ya itale, lile jiwe gumu la kijivu. Mwaka 1851 jimbo hilo lilikuwa na watu zaidi ya 280,000. Leo hawafiki nusu ya idadi hiyo. Wanaume wa Creuse walikuwa mafundi waashi mashuhuri. Kila majira ya kuchipua walikwenda Paris kujenga, na majira ya baridi wakarejea kwao. Mmoja wao, Martin Nadaud, alianza kwa kubeba chokaa akaishia kuwa mbunge. Hatimaye wengi waliacha kurejea. Niliposimuliwa hayo nikawakumbuka vijana wetu walioko Ghuba, wajengao miji ya watu huku nyumba za wazazi wao zaota majani juu ya dari.

Nyumba ya kwanza ilikuwa karibu na Aubusson, mji wa wafumaji wa mazulia ya ukutani. Bei yake ilikuwa Yuro 48,000, pamoja na bustani na banda la ng'ombe. Unene wa kuta ulipita dhiraa moja. Mpwa wangu aliingia akapiga takbiri. Mimi niliinama nikazitazama kuta kwa chini.

Mwenye nyumba wa mwisho alikuwa amezipaka saruji. Msomaji wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa udongo na chokaa hunywa unyevu wa ardhi kisha huutoa nje kwa njia ya chokaa. Ukiuziba kwa saruji, maji hukosa pa kutokea, hupanda juu, chumvi huchanua na lipu hudondoka. Nimeyaona hayo Mkomani katika kuta za matumbawe, na huko Creuse niliyaona yale yale katika kuta za itale. Nikamwonyesha mpwa wangu alama ya maji iliyofika kiunoni mwangu. Nikamwonyesha pia ncha za boriti za mwaloni pale zinapoingia ukutani, maana huko ndiko boriti huanza kuoza, hapa kwetu na kwao pia. Atakayenunua nyumba ya namna hiyo na aweke kando fedha za kubandua saruji yote na kurudisha chokaa, na za paa, kabla ya kuwaza rangi ya milango.

Sheria yao humsaidia mnunuzi. Muuzaji hulazimika kutoa ripoti za wakaguzi: nyumba yatumia nishati kiasi gani, kwa daraja kutoka A hadi G, kama kuna madini ya risasi katika rangi, kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 1949, na kama kuna asbesto, kwa zile zilizopata kibali kabla ya Julai 1997. Penye mchwa, hutakiwa ripoti ya mchwa. Pasipo na bomba la pamoja la maji machafu, shimo la nyumba hukaguliwa, na likikutwa na kasoro, mnunuzi hupewa mwaka mmoja tangu siku ya mauzo kulirekebisha. Nyumba ya Aubusson ilikuwa na daraja la G, na shimo lake lilikuwa na kasoro. Bei ndogo ilikuwa na sababu zake.

Hata hivyo mpwa wangu alikuwa amekwisha kupenda. Alikuwa akipanga pa kufuga kuku na pa kuweka vitabu. Hapo ndipo mama mkwe, aliyekuwa ameketi garini kwa ajili ya baridi, aliponiita dirishani. Alizungumza Kingazija polepole ili nimfahamu.

"Shekhe," alisema, "nimetazama kijiji hiki tangu tulipofika. Nimehesabu moshi wa mabomba matatu tu. Nikifa hapa, ni nani atakayeniosha?"

Sikuwa na jibu. Nilimrudia mpwa wangu nikamweleza alivyosema mkwewe. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjomba, mimi nimefikiria pa kuishi tu." Mkewe, ambaye siku mbili zote hakuwa ametia neno, aliinamisha kichwa akalia. Kumbe naye alikuwa na swali hilo hilo moyoni, akaona haya kuivunja furaha ya mumewe.

Ndugu msomaji, hili si jambo dogo. Kwa sheria ya Ufaransa maiti huzikwa ndani ya jeneza. Makaburi ni ya mji, na tangu sheria ya mwaka 1881 hayagawanywi kwa dini. Meya ndiye awezaye kukubali kuyaweka makaburi ya Waislamu pamoja upande mmoja. Nchi ina miji na vijiji vyenye meya wapatao 35,000, na kila mmoja ana mwenendo wake. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei ya nyumba, uliza ofisi ya meya. Uliza pia Ijumaa itaswaliwa wapi, daktari yuko umbali gani, shule ya watoto ingali wazi ama imefungwa, na treni yasimama ama yapita tu.

Tukarejea upande wa magharibi, kuelekea Limoges, mji wa vyombo vya kaure. Huko kuna misikiti, hospitali kubwa ya chuo kikuu ambako muuguzi hakosi kazi, na jamii ya Waislamu ya kutosha kuosha na kuzika. Kiasi cha kilomita 20 mashariki yake, kwa treni si zaidi ya nusu saa, kuna mji mdogo uitwao Saint-Léonard-de-Noblat. Uko juu ya kilima, chini yake wapita mto Vienne, na vichochoro vyake vyazunguka kanisa la kale. Nilipopita humo nilijisikia nimo mtaani kwetu: kuta zimekaribiana, mlango watazamana na mlango, na mpita njia hana budi kusalimu.

Hapo tulionyeshwa nyumba ya bibi mmoja mjane wa miaka themanini na mitatu, aliyekuwa akihamia kwa binti yake Limoges. Ni nyumba nyembamba ya ghorofa mbili. Kuta ni kavu na paa ni zima. Bei yake ilipita akiba ya mpwa wangu. Lakini yule bibi alikuwa tayari kuuza kwa desturi yao iitwayo viager: mnunuzi hutanguliza fedha kidogo, kisha hulipa kila mwezi hadi siku muuzaji atakapofariki. Akifa kesho, nyumba imepatikana kwa bei ya bure. Akiishi sana, mnunuzi hulipa bila ya kikomo.

Mpwa wangu akafurahi. "Mjomba, hapa hamna benki wala riba!"

Nikamwambia, "Mwanangu, riba umeikwepa, lakini gharar umeikumbatia. Bei ya nyumba hii ni kiasi gani? Huijui wewe, wala yeye haijui. Bei yenyewe ni umri wa mtu." Nikamkumbusha habari inayojulikana sana kwao wenyewe, ya Jeanne Calment wa mji wa Arles. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90, aliiuza nyumba yake kwa njia hiyo kwa mwanasheria mmoja. Mwanasheria alilipa miaka thelathini, akafa yeye mwaka 1995, na mjane wake akaendelea kulipa. Bibi Calment alifariki mwaka 1997, akiwa na miaka 122.

"Watu huicheka habari hiyo," nilimwambia, "lakini mimi naogopa zaidi upande wa pili. Kila mwezi utakapotuma fedha, nafsi itakunong'oneza: je, bado yu hai? Hutaki kuipa nafsi yako sababu ya kungojea mauti ya ajuza aliyekufungulia mlango."

Sikupenda kukataza bila ya kufungua njia. Tulikwenda kwa notaire, mwanasheria aliyepewa mamlaka na dola kusimamia mauzo ya nyumba, nami nikamwomba mke wa mpwa wangu aulize: je, haiwezekani bei ikajulikana leo, na muda wa kuilipa ukajulikana leo, aishi atakayeishi na afe atakayekufa? Alitabasamu akasema kuwa mkataba huo upo katika sheria yao. Bei hukatwa, miezi huhesabiwa, na muuzaji akifariki, kilichobaki hulipwa warithi wake. Moyo wangu ukatulia. Huo ndio uuzaji wa bei ya baadaye tuliousoma chuoni, umevaa kofia ya Kifaransa.

Nilijifunza mengine katika ofisi ile. Mnunuzi akishatia saini mkataba wa awali wa nyumba ya kuishi, hupewa siku 10 za kujirudi bila ya kutoa sababu. Ada na kodi za mauzo ya nyumba kuukuu huwa yapata asilimia 7 hadi 8 ya bei, na kwa nyumba rahisi hiyo asilimia hupanda, basi zitiwe hesabuni mapema. Nyumba ikiwa ndani ya meta 500 za jengo la kihistoria, kubadilisha dirisha au rangi ya nje huenda kukahitaji idhini ya msanifu wa serikali, kama ilivyo kwetu Mji wa Kale. Tena kuna haki inayofanana na shuf'a: ofisi ya meya katika baadhi ya mitaa, na shirika la ardhi za kilimo huko mashamba, huweza kumtangulia mnunuzi, na hupewa miezi miwili kuamua. Na kuhusu mirathi, sheria yao huwahifadhia watoto fungu lisiloguswa: nusu kwa mwenye mtoto mmoja, theluthi mbili kwa wawili, robo tatu kwa watatu na kuendelea. Nilimsihi mpwa wangu aketi na notaire na mwanachuoni pamoja, aandike wasia wake akiwa na afya.

Yule bibi aliomba wiki moja ya kushauriana na binti yake, kisha akakubali. Bei imekatwa, miezi ni mia moja na ishirini. Mama mkwe alipelekwa msikitini Limoges, akawakuta akina mama waoshao maiti, akaandika namba zao kwa mkono wake. Tangu siku hiyo, naambiwa, ameanza kuulizia mbegu za bustani.

Nimebakisha jambo moja, na hili ni langu mwenyewe. Tulipokuwa tukipima vyumba siku ya mwisho, mlango ulibishwa. Alikuwa jirani wa upande wa pili, mzee mwenye fimbo, ameleta kikapu cha tufaha. Alisema amesikia kuna watu wageni watakaohamia, naye hakupenda wafike bila ya kujua jina lake. Alikaa dakika tano akaondoka.

Nilizitazama zile tufaha nikaona haya. Mtaani kwangu Lamu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kuna Mzungu aliyenunua nyumba ya marehemu rafiki wa baba yangu. Ana miaka sita hapo. Mimi ni mtu wa kutoa darsa za haki ya jirani, na siku zote nimelalamika barazani kuwa wageni wanazinunua nyumba zetu na hawachanganyiki nasi. Katika miaka hiyo sita, sahani haijatoka kwangu kwenda kwake hata mara moja.

Jumamosi niliyorejea, baada ya Alasiri, nilichukua sahani ya mahamri nikaenda kubisha hodi. Alifungua mwenyewe. Aliitazama sahani, akanitazama na mimi, kisha akanikaribisha ndani kwa Kiswahili kizuri kuliko nilivyodhani. Kuta zake, nimeona, amezipaka chokaa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu makazi ya kheri popote walipo, na atujaalie sisi kuwa majirani wema kwa waliotukaribia. Amin.