Maji ya Moto Chini ya Theluji: Yellowstone Wakati wa Baridi

Katika nchi ya Marekani, upande wa magharibi kwenye milima mirefu, ipo mbuga ya taifa iitwayo Yellowstone. Sehemu yake kubwa imo katika jimbo la Wyoming, na kingo zake zimeingia katika majimbo ya Montana na Idaho. Eneo lake lote ni karibu kilometa za mraba 9,000. Ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza kuwekwa duniani, maana sheria yake ilitiwa sahihi na Rais Ulysses S. Grant tarehe 1 Machi 1872. Wakati wa joto watu huimiminikia kwa mamilioni, magari yakafuatana kama siafu. Wakati wa baridi wageni ni wachache, na hao wachache ndio waionao nchi ile ilivyo hasa.

Kuanzia mapema mwezi wa Novemba barabara karibu zote za mbuga hufungwa, isipokuwa moja ya upande wa kaskazini ambayo huzolewa theluji. Tangu katikati ya Desemba mpaka katikati ya Machi, atakaye kufika kwenye chemchemi kubwa hana budi kupanda gari la theluji. Magari hayo ni mfano wa mabasi madogo; mengine hutembea kwa minyororo mipana kama ile ya trekta zichongazo barabara, na mengine yana magurudumu manene yaliyopunguzwa upepo ili yasizame. Kutoka mji mdogo wa West Yellowstone hata bonde la Old Faithful ni kilometa 48 tu, masafa ambayo dereva wa matatu angeyamaliza kabla abiria hajakunja gazeti lake. Lakini gari la theluji huenda polepole, tena hulazimika kusimama kila linapokutana na nyati wa nchi ile, waitwao baisani, maana nao wamekwisha tambua kwamba theluji iliyoshindiliwa ni rahisi kuipita kuliko ile laini inayowafika kifuani. Nyati wakiishika njia hapigwi mtu honi; dereva hungoja mpaka wapite.

Baridi ya huko si ile ya Julai ya Limuru, ambayo mtu akivaa koti zito huiona imekwisha. Mara nyingi usiku kipimo hushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na tarehe 9 Februari 1933 kilishuka hata nyuzi 54 chini ya sifuri karibu na mpaka wa magharibi wa mbuga. Katika siku fupi za Desemba na Januari jua halichomozi mpaka yapata saa mbili ya asubuhi. Lichomozapo, msafiri huona jambo ambalo macho yake huona shida kuliamini: bonde zima limefunikwa theluji, na katika weupe ule yanapanda mawingu ya mvuke huku na huku, kana kwamba chini ya ardhi kuna kijiji na kila mama ameteleka chungu. Mvuke huo hauendi mbali. Hushika miti ya misonobari iliyo karibu na kuganda papo hapo juu ya kila jani, hata mti mzima huwa mweupe na mzito, matawi yameinama kama mtu aliyejitwika mzigo.

Katika mbuga ile zimo chemchemi zirukazo zaidi ya 500, karibu nusu ya zote zilizoko duniani. Hizi ni chemchemi ambazo hutulia kwa muda, kisha hutupa maji yake juu kwa nguvu, zikatulia tena. Jina wanaloziita Wazungu limetoka katika kisiwa cha Iceland, kwenye chemchemi moja ya kale iitwayo Geysir. Msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda mbali ili azione za namna hii. Kando ya Ziwa Bogoria, katika Bonde la Ufa, ziko chemchemi zirukazo, ingawa katika miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kuzifunika nyingi.

Kazi ya chemchemi hizi si uchawi. Maji ya mvua na theluji huzama chini sana mpaka yakakaribia miamba iliyotiwa moto na volkano, maana Yellowstone ni volkano kubwa, na mara ya mwisho ilipolipuka mlipuko mkubwa ni yapata miaka 640,000 iliyopita. Maji yaliyo chini hupata moto kupita kiasi cha kuchemka, lakini hayawezi kuchemka kwa sababu yamelemewa na uzito wa maji yaliyo juu yake katika mfereji mwembamba wa mwamba. Hatimaye mapovu husukuma maji kidogo nje. Uzito ukipungua tu, yale ya chini hugeuka mvuke kwa mara moja na kuyarusha yote juu. Mwenye kukumbuka sufuria ya uji iliyofunikwa sana juu ya moto mkali atafahamu upesi. Bonde la Old Faithful liko meta 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari, basi maji yaliyo wazi huchemka hapo yakifika nyuzi 93 tu.

Chemchemi ya Old Faithful, yaani Mwaminifu wa Kale, hairuki kwa saa kamili kama wengi wadhanivyo. Kwa kawaida huruka baada ya saa moja na nusu hivi, na walinzi wa mbuga hukisia wakati wake kwa kuangalia iliruka muda gani mara iliyotangulia: ikiruka muda mfupi, hairuhusu watu kungoja sana, ikiruka muda mrefu, huchelewa. Maji hupanda kati ya meta 32 na 56. Wakati wa joto mabenchi huzungukwa na watu kwa mamia, wengi wao wakiitazama kupitia simu zao. Asubuhi ya Januari huenda wakawapo watu sita. Kwanza hutoka mitemo midogo, kama mtu asafishaye koo. Kisha nguzo hupanda, na baridi huufanya mvuke uwe mzito hata mara nyingine maji yenyewe hayaonekani, ila wingu jeupe likikua juu ya wingu. Matone yarukayo mbali huganda kabla ya kutua, yakaanguka juu ya theluji kwa sauti ndogo ya chengachenga. Muda wa dakika chache yote hunyamaza, wala hapana neno lisemwalo.

Wageni hutembea juu ya njia za mbao, na amri ya kutokuziacha ni kali. Sababu yake iko chini ya nyayo. Ardhi ya mabonde hayo mara nyingi ni ganda jembamba mfano wa utando wa uji uliopoa, na chini yake maji yanatokota. Tangu karne ya 19 watu zaidi ya 20 wamekufa kwa kuunguzwa nayo, wengine kwa kuteleza, wengine kwa kutaka kuoga. Wala kuchemsha mayai, kama wafanyavyo wageni wa Bogoria, hakuruhusiwi kabisa.

Lakini yuko mtu mmoja ambaye ardhi ile ilimwunguza na kumwokoa kwa siku zile zile. Jina lake Truman Everts. Katika mwaka wa 1870, alipokuwa na umri wa miaka 54, alifuatana na msafara wa watu wapatao 19 kwenda kuichunguza nchi ya Yellowstone. Everts hakuwa mwindaji. Alikuwa amefanya kazi ya kukadiria kodi za serikali katika Montana, mtu wa meza na kalamu, tena macho yake yalikuwa mabovu. Tarehe 9 Septemba, katika msitu mnene kusini ya ziwa kubwa la Yellowstone, aliachana na wenzake. Siku iliyofuata alishuka katika farasi wake atafute njia, asimfunge. Farasi akashtuka akatoroka na blanketi, bunduki na viberiti. Everts akabaki na nguo alizovaa na visu viwili vidogo, ambavyo navyo alivipoteza, na darubini ndogo ya mkononi ambayo faida yake hakuijua bado.

Alikula mizizi ya mmea mmoja wa miiba, maana ndicho chakula pekee alichokipata na kukiamini. Usiku mmoja alikesha juu ya mti kwa kumwogopa simba wa milimani. Kisha theluji ikaanza kuanguka na miguu yake ikaumwa na baridi. Ndipo alipofika kwenye chemchemi za moto zilizo chini ya mlima uitwao Sheridan, akalala juu ya ganda la joto, amejifunika matawi ya misonobari, na mizizi yake akaipika katika chemchemi ndogo iliyokuwa karibu naye kama sufuria. Alikaa pale siku saba dhoruba ikivuma. Bila moto ule wa ardhi angekufa usiku wa kwanza, hapana shaka. Hata hivyo, katika usingizi aligeuka, ganda likavunjika, na mvuke ukamwunguza nyonga vibaya sana. Hakuweza kuhama, nje ya joto lile kulikuwa na mauti ya baridi, na ndani yake kulikuwa na jeraha. Alilala papo hapo.

Jua lilipotoka alikumbuka darubini yake, akakusanya miali kwa kioo chake, akapata moto. Kwa moto huo akaanza safari ya kurudi, akitambaa mara nyingine, mpaka alipoonekana na watu wawili waliotumwa kumtafuta, tarehe 16 Oktoba, siku ya 37 tangu alipopotea. Rafiki zake walikuwa wameahidi dola 600 kwa atakayempata. Fedha hizo waokozi hawakulipwa.  Everts aliishi mpaka mwaka wa 1901. Chemchemi ya Old Faithful ilipewa jina lake na wale wenzake wakati yeye amepotea msituni, basi hakuwapo.

Yafaa kuongeza kwamba nchi ile haikuwa tupu. Watu wa kabila la Shoshone waitwao Tukudika, wawindaji wa kondoo wa milimani, walikaa humo tangu zamani na kupita kati ya chemchemi hizo wakijua mahali pa kukanyaga. Baadaye waliondolewa, na wakubwa wa mbuga wakaeneza habari kwamba wenyeji waliuogopa mvuke. Habari hiyo haikuwa kweli.

Hali ya Everts ndiyo hali ya wanyama kila mwaka. Theluji inapozidi, nyati na kulungu wakubwa waitwao elki hushuka kwenye mabonde ya mito ya Firehole na Madison, ambako ardhi ya joto huzuia theluji kulundikana na mito haigandi. Nyati hulala karibu na mvuke, barafu imeganda juu ya migongo yao na katika ndevu zao, huku tumbo likipata vuguvugu. Malisho ya hapo ni haba, lakini mnyama huokoa nguvu ambazo angezimaliza kwa kuchimba theluji kwa kichwa chake kikubwa. Bata maji weupe nao huogelea katika mto usioganda, na kando ya vijito vya vuguvugu inzi wadogo huruka Januari kama kwamba ni Agosti.

Gharama yake imo katika maji na majani yenyewe. Yamejaa floridi na vumbi la mawe laini, na elki wanaokula hapo tangu utotoni meno yao hudhoofika na kulika upesi. Wakazi wa Nakuru, na wa Arusha huko Tanzania, hawahitaji kuelezwa habari ya floridi. Huiona katika tabasamu za jirani zao kila siku. Lakini mtu mwenye meno ya kahawia bado hupikiwa chakula laini. Elki ambaye meno yake yamekwisha hawezi kutafuna majani magumu ya baridi, na wataalamu wameona kwamba wa mabonde haya hufa miaka kadhaa mapema kuliko wenzao wa mahali pengine. Zaidi ya hayo, mbwa mwitu walirudishwa katika mbuga tangu mwaka wa 1995, na elki wa Firehole na Madison wakapungua sana. Nyati wamestahimili zaidi, maana ni wazito, tena husimama wakapigana.

Mwezi wa Machi magari ya theluji huacha kwenda, na mashine huanza kuzoa barabara. Wakati huo ndipo dubu madume wanapoamka katika mapango yao, hawajala tangu vuli. Hawana haja ya kutangatanga sana. Hushuka moja kwa moja kwenye mabonde ya mvuke, kwa maana ndiko waliko nyati na elki walioshindwa kuumaliza msimu, wamelala pale pale walipoota joto. Kwa ajili hiyo baadhi ya sehemu za bonde la Firehole hufungwa kwa watu mpaka mwishoni mwa Mei, na Old Faithful huruka kama kawaida yake.