Paka wa Uzeeni

Shangazi,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jikoni, nimetoka zamu ya usiku. Umeniuliza wazee wa huku Uingereza wanawezaje kuishi na paka na mbwa hali wako peke yao, na kama wewe, kwa umri huo na goti hilo, umchukue yule paka anayelala barazani kwako tangu Mzee atutoke. Wanao wamekataa. Nakujibu kwa urefu, maana kazi yangu hapa Leicester ni kuhudumia wazee majumbani mwao, na swali lako nalikuta huku kila mara.

Kuna bibi mmoja, miaka 80 na ushei, mjane, anatembea kwa fremu. Ana paka jike, naye mzee. Vidole vya bibi vimepinda kwa baridi yabisi, hawezi kuvuta kipete cha kopo la chakula. Hupenyeza mpini wa kijiko chini yake, akakibinua polepole mpaka kifuniko kiachie. Bakuli ameliweka juu ya kigoda ili asiiname, na paka keshazoea kupanda. Dawa zake za asubuhi anaziweka papo hapo, kando ya makopo. Binti yake alinieleza kwamba kabla ya paka huyo kuja, mama alikuwa akilala hadi adhuhuri na dawa hazinywewi. Siku hizi saa moja asubuhi paka yuko mlangoni analia, na bibi hana budi kuamka.

Nisikufiche na upande wa pili. Paka anapodai chakula hujipitisha miguuni, na mzee akijikwaa akavunjika nyonga, huenda asirudi tena kutembea kama zamani. Kwa hilo wanao wana haki ya kuogopa. Gharama nazo zipo. Binadamu hutibiwa bure hospitali za serikali, lakini mnyama hana fungu humo, na ugonjwa mmoja tu unaweza kumla mzee mamia ya paundi. Wa kipato kidogo hukimbilia PDSA, shirika alilolianzisha Maria Dickin mwaka 1917, ambalo huwatibia wanyama wao bure au kwa bei nafuu.

Ila yote hayo hayanisumbui kama hili: nani atabaki na mnyama siku mzee akiondoka? Paka anayetunzwa vizuri ndani huweza kufika miaka 15 na kupita. Kwa sheria ya huku mnyama ni mali, kama kabati. Huwezi kumwandikia urithi yeye mwenyewe. Unamwandikia mtu atakayemchukua. Ndiyo maana yapo mashirika kama Cinnamon Trust, lililoanza Cornwall mwaka 1985. Watu wake wa kujitolea huwatembeza mbwa wa wazee wasiojiweza, na mzee akifariki shirika humpokea mnyama wake kwa makubaliano aliyoyafanya nalo akiwa hai. Nyumba nyingi za kutunzia wazee, kwa upande wake, hazipokei wanyama. Mtu ameshazika mwenzake, anaiacha nyumba yake, halafu siku hiyo hiyo anaambiwa kwamba paka naye abaki. Mimi naona huo ni ukatili, hata kama fomu zote zimejazwa sawasawa.

Kwetu swali hilo hatukuzoea kuliuliza, kwa sababu paka alikuwa wa mtaa. Mwenye samaki alimtupia kichwa, jirani akampa ukoko, na mwenye nyumba akisafiri hakuna aliyehangaika. Lakini huyo wako ukimwingiza ndani, akazoea bakuli na mkeka, hatakuwa tena paka wa mtaa. Utakuwa umempa ahadi.

Kwa hiyo rai yangu, Shangazi: mchukue. Nafurahi kwamba ni mkubwa tayari. Kitoto kingekukimbiza nyumba nzima na kuning'inia kwenye mapazia, na hesabu ya miaka yake ingekuwa ngumu zaidi. Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo, ambao huku paka na mbwa hawana, kwetu bado unaua. Afungwe uzazi pia. Bakuli lake liwe juu ya kigoda, mbali na njia ya kwenda msalani, na taa ya ukumbini isizimwe usiku.

Kisha mwite mmoja wa wanao, mmoja tu, aseme mbele yako kwamba siku ukilazwa au ukiondoka, paka ni wake. Wakisema wote kwa pamoja hakuna atakayeshika. Nami nitawapigia Jumapili. Nitawaambia kwamba wamekuwa wepesi kukataza paka, na sijasikia hata mmoja akisema nani atakuja kukaa nawe jioni. Gharama ya daktari na chanjo niachie mimi. Nitakutumia kwa simu mwisho wa mwezi.

Mwanao,
Leicester