Boli Nne

Betri ilipita juu ya kiti na kuangukia pale ambapo mtoto wa kakangu hukaa.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimetoka Eldoret kwenda Kabarnet kumfungia mteja taa za sola. Ukishapita Iten, barabara inashuka ukuta wa Bonde la Kerio kupitia Tambach, kona baada ya kona, zaidi ya mita elfu moja kwenda chini, na masikio yanaziba kabla hujafika Biretwo. Kwenye mojawapo ya zile kona mbuzi walikuwa wamelala katikati ya lami kama wenye shamba. Nilikanyaga breki, gari likasimama, mzigo ukaendelea.

Nyuma nilikuwa nimepanga vitu vile nilivyozoea: paneli chini, sanduku la vyuma juu yake, nyaya, blanketi, halafu betri juu kabisa ndiyo iwe rahisi kutoa. Betri ya sola ya ampea-saa 100 ina uzito wa karibu kilo thelathini. Ilitua kwenye kiti cha kati, upande wa kushoto, ikapasua kitambaa na kuacha shimo ninaloweza kuingiza ngumi.

Huyo mtoto ana miaka sita. Asubuhi hiyo alikuwa ameniomba twende naye, nikamwambia siku nyingine. Sikuwa na sababu ya maana. Sikutaka tu maswali njiani.

Nilikaa kando ya barabara karibu nusu saa. Baadaye, nikiwa nyumbani, nilipiga hesabu ambayo ningeipiga mapema. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, ligonge kitu na kusimama ndani ya nusu mita, betri ya kilo 30 husukuma kilicho mbele yake kwa nguvu ya kilo zaidi ya 500. Hiyo ni kilomita 50, mwendo wa matatu ikiingia steji. Mimi nafanya kazi ya umeme, hesabu hizi si ngeni kwangu. Ila sikuwahi kuzifikiria kwa gari la nyumbani.

Nilinunua kifuniko cha kiti, nikaficha lile shimo. Sikumwambia mtu.

Gari lenyewe ni Prado ya mwaka 1999, ile ya mlango wa nyuma unaofunguka kando na gurudumu la akiba mgongoni. Baba aliinunua 2006. Mimi na kakangu tulikulia kwenye vile viti viwili vidogo vya nyuma kabisa, magoti yakigongana, tukipelekwa shamba kila Jumamosi. Baba alipofariki mwaka 2021, gari lilibaki kwa jina lake na bado liko hivyo, kwa sababu kesi ya mirathi haijaisha. Hatuwezi kuliuza kabla karatasi za korti hazijatoka. Kwa hivyo kwa sasa ni la kila mtu. Mama analitumia wakati wa mavuno na siku za kliniki. Kakangu analitaka liuzwe. Mimi nalitumia kazini, Baringo, Pokot Magharibi, mara nyingine hadi Lodwar, na usiku nyingi nalala ndani.

Mara ya kwanza nilipomwambia mama nataka kutengeneza masanduku ya kudumu kule nyuma, aliweka kikombe cha chai chini.

“Gari ya babako haitobolewi.”

“Mama, ni mashimo madogo tu ya skrubu.”

“Nimesema. Na mahindi nitabebea wapi? Kwa kichwa?”

Kakangu alikuwa hapo mlangoni. Alicheka, si kwa ubaya, halafu akasema kitu ambacho wanaume wa kwetu husema kirahisi tu: “Yeye ni wa kutoka, Mama. Ataolewa atuachie gari imejaa mbao.”

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haitenganishi mtoto wa kiume na wa kike. Najua hivyo, kakangu pia anajua hivyo, wakili alitusomea sote tukiwa tumekaa kwenye benchi moja. Lakini mezani pale hakuna anayekaa na Sura ya 160. Nilinyamaza. Masharti nilikuwa nimeyapata: hakuna kutoboa, na kila kitu lazima kiweze kutoka.

Kufungasha maisha kwenye gari si jambo geni hapa. Mwaka 1908 Makaburu waliokuja na Jansen van Rensburg walipanda nyanda za Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakiwa wamebeba nyumba nzima ndani ya masanduku ya mbao, wakafika kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe. Mji ukaota kwenye shamba nambari 64, na mpaka leo kuna wazee wanaoita Eldoret Sisibo. Fundi niliyempata Langas ni mmoja wao. Alipoona gari aliuliza, “Unahama Sisibo?” Nikamwambia hapana, nahama kila wiki halafu narudi.

Sanduku la kwanza lilikuwa kosa langu, si lake. Nilitaka kitu kigumu. Nilinunua plaiwudi ya milimita 18, shiti mbili na nusu, na kwa mbao hatuna shida Eldoret, Raiply wako hapa hapa. Fundi alijaribu kunishauri. “Dada, hii ni ya meza ya hoteli.” Nikasisitiza. Tukajenga sanduku moja kubwa la upana wote wa buti, lenye droo mbili. Lilipendeza, manze, nililipiga picha pande zote.

Halafu Oktoba ikafika na mama akataka gari. Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 18, ile ya futi nane kwa nne, ina karibu kilo 30. Nilikuwa nimejenga kitu cha kilo 80 bila hata spana moja ndani. Tulikuwa watu watatu kulitoa, tukakwaruza plastiki ya mlango, na mama alisimama pale na gunia mkononi bila kusema neno. Gunia la mahindi hapa ni kilo 90, kwa hivyo mama anajua uzito ni nini. Alisema tu, “Hii ndiyo ya kutoka?”

Nikarudi Langas. Fundi hakunicheka. Alitoa penseli sikioni akachora kwenye kipande cha mbao.

Jambo la kwanza lilikuwa masanduku mawili badala ya moja, kila moja na droo yake, yakikaa bega kwa bega. Plaiwudi ikawa ya milimita 12, ambayo shiti nzima ni kama kilo 20. Shida ya plaiwudi nyembamba ni kwamba ukipiga skrubu ukingoni inapasuka matabaka, kwa hivyo kwenye kila pembe ya ndani aliweka kijiti cha mbao cha inchi moja kwa moja, akapaka gundi, ndipo skrubu ikaingia kwenye kijiti. Gundi inashika, skrubu inangoja tu gundi ikauke. Ukivuta droo ukaiweka kando, sanduku tupu lina kilo kumi na kitu. Mama mwenyewe anaweza kushika upande mmoja.

La pili lilikuwa reli za droo. Zile za chuma zenye gololi za kubeba mzigo mzito zilikuwa ghali kuliko mbao zote, na nilijua vumbi la Lodwar lingezimaliza kwa mwezi mmoja. Fundi akaniambia nilete ubao wa plastiki wa kukatia mboga. Tukaukata vipande virefu vyembamba, tukavipiga chini ya droo, na droo inateleza juu ya mbao iliyopakwa nta ya mshumaa. Vumbi likiingia, unapangusa na kitambaa. Haina kitu cha kuharibika.

La tatu ndilo lililonikosesha usingizi: kuyafunga bila kutoboa. Jibu lilikuwa limekaa miaka yote chini ya magoti yetu. Vile viti viwili vidogo vimefungwa kwenye sakafu kwa boli, na ukivitoa, mashimo yenye uzi wa boli yanabaki. Kiwanda kiliyatengeneza yashike kiti chenye mtu ndani gari likigonga, kwa hivyo chuma cha hapo kimeimarishwa. Tulichagua manne, mawili kwa kila sanduku. Skrubu za kawaida sakafuni zingeng'oka, na kamba zingelegea.

Tulipong'oa viti tukapata punje za mahindi zilizokauka, sarafu ya shilingi ishirini, na kalamu nyekundu. Baba alikuwa mwalimu. Kalamu niliweka mfukoni na kazi ikaendelea.

Fundi alinionya kuhusu kitu ambacho nisingekifikiria. Boli ikipita kwenye plaiwudi ikiwa na washa ndogo tu, siku ya kishindo mbao itapasuka, boli ibaki sakafuni na sanduku liende mbele. Kwa hivyo chini ya kila kichwa cha boli kuna kipande cha bamba la chuma, upana wa kiganja, la kutawanya ile nguvu. Chini ya masanduku tukatandika mpira wa tyubu kuukuu ili sakafu isichubuke na mbao zisipige kelele.

Siku ya majaribio nilienda tena Tambach. Kushuka kulikuwa sawa. Nilipogeuza kupanda, droo zote mbili zilirudi nyuma zikagonga mlango, bang! Sikuwa nimeweka kitu cha kuzizuia. Nilipofika juu nilifungua mlango kwa uangalifu kama mtu anayefungua banda la mbwa asiyemjua. Kesho yake fundi akaweka komeo za chuma, zile za mlango wa choo, moja kwa kila droo. Tangu hapo betri hukaa chini kabisa, karibu na mgongo wa kiti, nyepesi zinakaa juu, na hakuna kitu kinachozidi kimo cha kiti.

Mwezi wa Desemba kakangu alikuja nyumbani na mtu wa kuangalia gari.

Sikuwa nimeambiwa. Niliamka nikasikia sauti uani. Mama aliniita dirishani, “Toa vitu vyako, kuna mgeni.” Nikachukua spana nambari 14. Vuta droo, weka kando. Boli mbili, sanduku nje. Boli mbili, sanduku la pili nje. Viti vya nyuma vilikuwa stoo, vimefunikwa turubai kwa sababu ya kuku. Nikavirudisha na boli zile zile. Kwa masanduku peke yake niliangalia simu: dakika tisa.

Yule mtu akakagua injini, akalala chini akaangalia kutu, akafungua nyuma. Kakangu akapitisha mkono kwenye sakafu.

“Safi,” akamwambia mgeni. “Huwezi kujua kuna mtu alikuwa anafanyia kazi humu.”

Ndicho nilichokuwa nimejenga kwa miezi miwili. Nilikuwa nimelipa pesa ili isionekane nilikuwepo. Nilisimama na spana mkononi, nikahisi kitu kinanipanda kooni.

Mgeni alisema bei itaongelewa karatasi za korti zikitoka, akaenda. Kakangu alikuwa anafunga milango. Nikamwambia ngoja. Nikafungua mlango wa kushoto, nikavua kifuniko cha kiti, nikamwonyesha shimo.

Nilimweleza yote. Mbuzi, betri, Jumamosi ile, mtoto alivyoniomba. Nilimwambia pia kwamba nilinyamaza kwa sababu niliogopa nitanyang'anywa gari, na kwamba hiyo haikuwa sababu nzuri.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliweka kiganja kwenye kiti, akakipandisha polepole hadi kimo ambacho kichwa cha mwanawe hufika, akakiacha hapo. Mama alikuwa amesimama kwenye ngazi. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi.

“Na hizo masanduku,” kakangu akauliza mwishowe, “zinashika kweli?”

“Njoo uone.”

Tukavitoa viti tena. Nikaweka sanduku la kwanza, nikakaza. Akalishika kwa mikono miwili akalivuta kama anang'oa kisiki. Gari zima lilitikisika kwenye springi zake, sanduku halikusogea. Akauliza yale mabamba ni ya nini. Nikamweleza kuhusu kilo 500. Akauliza komeo ni za nini, nikamweleza kuhusu kupanda Tambach, na hapo akacheka kidogo, kicheko cha baba kabisa.

Sijui kesi itaishaje. Labda gari litauzwa, na masanduku haya yalikatwa kwa vipimo vya gari hili pekee, hayataingia kwenye lingine. Siku hiyo hatukuongea mambo hayo. Mtoto alitoka ndani akitafuna mkate, akauliza tunafanya nini, na babake akamwambia asimame mbali. Kisha akanyoosha mkono nimpe spana, akainama, akakaza boli ya nne yeye mwenyewe. Alipomaliza akaijaribu kwa kidole. Halafu akaikaza tena.