Tuliandika 5, Kumbe ni 15



Ndugu wasomaji, katika kurasa hizi tumezoea kuwaletea habari za masomo na mashindano. Safari hii tunaomba nafasi tueleze kosa letu wenyewe, huenda likamfaa mwingine.

Likizo ya Desemba vijana wa mtaani kwetu hapa Tanga waliandaa mechi ya mpira wa kikapu, nasi wanne tukaombwa tukae mezani. Wengi hudhani kazi ya meza ni kuhesabu pointi tu. Sivyo. Mmoja huandika karatasi ya mchezo, msaidizi wake huinua vibao vya idadi ya faulo, wa tatu hushika saa ya mchezo, na wa nne huhesabu zile sekunde 24 ambazo timu hupewa ili irushe mpira golini. Refa hawezi kuyakumbuka yote hayo huku anakimbia, kwa hiyo huyaacha mezani kama amana.

Kwa kuwa kelele ni nyingi, refa huzungumza na meza kwa vidole. Akipuliza filimbi ya faulo, husogea mahali anapoonekana, akaonesha namba ya mchezaji, aina ya kosa, kisha adhabu yake. Namba 5 ni kiganja kimoja kilichofunguliwa. Namba 15 ni ngumi ya mkono wa kulia, ambayo ni 10, pamoja na kiganja cha kushoto.

Ilipofika robo ya nne, timu zikikaribiana sana, refa alionesha 15. Sisi tulikuwa tunashangilia. Tulipogeuka tulikiona kiganja tu, ngumi imekwisha shuka. Hatukuuliza, maana tuliona haya kumsimamisha mtu mzima mbele ya watu. Tukaandika 5, tukainua kibao cha faulo 4. Mchezaji akifikisha 5 hutoka moja kwa moja, kwa hiyo kocha alimtoa kijana yule haraka asije akampoteza.

"Kocha, wallahi si mimi!"

"Meza imeshaandika. Kaa chini."

Akakaa, taulo usoni. Timu yake ikafungwa kwa pointi 1.

Tulipokuwa tunajumlisha, mwenzetu wa saa ya mchezo akaona tulichoandika, akashtuka. Yeye aliiona ngumi, kwa sababu mshika saa lazima amtazame refa. Mmoja wetu akasema tunyamaze, mchezo umekwisha. Lakini refa mkuu alikuwa hajatia saini, na kabla ya saini kosa la maandishi husahihishwa. Mdogo wetu kuliko wote akauliza, "Mtu ameandikiwa kosa la mwenzake, nani atamjibia?"

Tukaenda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, wanangu."

Alitusikiliza hadi mwisho, akasahihisha karatasi mbele ya makocha wote wawili. Faulo ikarudi kwa mwenyewe. Dakika za benchi hazikurudi.

Hakutugombeza. Alitusimulia fainali ya Olimpiki ya Munich, mwaka 1972. Marekani iliongoza 50 kwa 49, zimebaki sekunde 3. Upande wa Umoja wa Kisovieti ukalalamika kwamba uliomba mapumziko na ombi lao halikushughulikiwa. Sekunde zile zikachezwa mara tatu, kwani mara ya pili mpira ulianza kabla saa haijarekebishwa. Mara ya tatu Alexander Belov akafunga, ikawa 51 kwa 50. Wamarekani walikataa kupokea medali za fedha.

"Na mimi nina sehemu yangu," akasema. "Nilishusha mikono kabla sijahakikisha kuwa mmeniona."

Tulimwendea yule kijana tukamwomba radhi. Alitupa mkono, lakini hakusema neno.

Tumekaa mezani mara kadhaa tangu siku ile. Sasa refa akionesha namba, mwandishi humjibu kwa kuinua kidole gumba, ndipo refa anashusha mikono. Asiyeona husubiri mpira usimame, akauliza. Haya ya kuuliza ni ya dakika moja, ndugu zetu. Yule kijana tunakutana naye njiani kila siku.