Katibu wa Benchi la Kinyozi

Ndugu msomaji, kama hujawahi kuketi jioni kwenye benchi lililo nje ya duka la kinyozi wa mtaani kwetu, basi hujui kwamba Kenya ina makocha wengi kuliko wachezaji. Benchi lenyewe ni ubao tu uliolazwa juu ya mikebe miwili ya rangi. Hubeba watu saba wakikaa vizuri, na kumi wakibanana. Timu ikiwa na mechi kubwa hubeba kumi na watatu, na Mungu ndiye anayejua jinsi ule ubao hauvunjiki.

Mwenye duka ni shabiki wa AFC Leopards, Ingwe damu. Ukienda kunyolewa siku Ingwe imefungwa, omba masikio yako yabaki mahali pake. Yuko pia fundi wa viatu, yuko muuza njugu, na yuko kondakta wa matatu ambaye hufika noti zikiwa bado zimekunjwa katikati ya vidole. Halafu kuna mzee mmoja wa K'Ogalo tuliyempa jina la Mzee Themanini na Saba. Hata mazungumzo yaanze na bei ya unga, yeye atayafikisha mwaka 1987, Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika.

"Tulitoka nao 2-2 kule Tunis," husema huku akipiga goti lake. "Tukaja hapa Kasarani, 1-1. Esperance wakaenda kwao wanalia kwa sababu ya mabao ya ugenini. Na mimi nilikuwa ndani! Si kwa redio, ndani!"

Mimi nilipata nafasi pale kwa sababu ya mwandiko. Siku moja mwaka jana, 2025, nilipokuwa kidato cha pili, nilipita nikitoka shuleni, wakanisimamisha niwaandikie majina ya wachezaji kumi na mmoja ili wasiendelee kusahauliana. Nikafungua daftari langu la hisabati kurasa za nyuma, nikaandika. Mzee akalitazama akasema, "Kijana ana mkono kama wa karani wa korti." Tangu siku hiyo nikaitwa Katibu. Waama, mtoto wa miaka kumi na mitano kuitwa Katibu na watu wazima ni jambo la kuvimbisha kichwa, na changu kilivimba.

Julai hiyo hapakuwa na habari nyingine ila CHAN. Mashindano hayo yalikuwa ya mwaka 2024, lakini yaliahirishwa hadi Agosti 2025, yakaandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda. Kenya haikuwa imewahi kuyacheza hata mara moja. Kocha alikuwa Benni McCarthy wa Afrika Kusini, aliyeshinda Ligi ya Mabingwa ya Ulaya akiwa na Porto mwaka 2004. Kila jioni tulimsaidia kuchagua kikosi, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na habari.

"Mabao atafunga nani?" kondakta aliuliza. "Mbona sioni Olunga hapo?"

"Hii ni ya wanaocheza ligi ya nyumbani peke yake," fundi wa viatu akamjibu. "Olunga yuko ng'ambo. Wote wa ng'ambo hawaruhusiwi."

"Basi tumekwisha. Tutapeleka watoto?"

Kinyozi akatoka na mashine mkononi, mteja akabaki kitini amenyolewa upande mmoja. "Kwani Olunga alizaliwa akiwa Olunga? Si alipita Tusker, akapita Thika United, nani alikuwa anamjua? Mwaka 2015 akafungia Gor mabao kumi na tisa kwa ligi." Ilimuuma kuitaja Gor, ilionekana usoni. "Mwaka 2020 akafunga ishirini na nane kule Japani, wakamtangaza mchezaji bora wa ligi yao. Mnataka mti mzima na hamtaki mche!"

Hapo ndipo jina la Ryan Ogam lilipotajwa, straika chipukizi wa Tusker. Benchi likagawanyika pande mbili kama bahari ya Musa. Nami, Katibu, nikasimama, nikakohoa kidogo kama mwalimu wa zamu. Nikasema kundi letu ni kundi la mauti: Morocco imeshachukua kombe hili mara mbili, Kongo imelichukua mara mbili, na bado kuna Angola na Zambia. Huyu kijana hajaiva, nikasema. Atapelekwa machinjioni. Nikaandika jina lake, na mbele yake nikachora alama kubwa ya kuuliza.

Mzee akanipigia makofi. Nilirudi nyumbani nikitembea kama nimekalia farasi.

Sasa niseme habari ya kaka yangu. Kaka ananizidi miaka minne. Hufanya kazi mahali pa kuoshea magari, na jioni hufanya mazoezi na timu ya mtaa wetu inayocheza ligi za chini. Miezi mingi alikuwa akivaa jezi na kukaa benchi, yaani benchi la kweli, la wachezaji. Jumapili moja ya mwezi huo huo wa Julai, namba tatu wao aliamka na homa, kaka akaambiwa aanze. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Mama hakwenda kanisani siku hiyo. Tulisimama kando ya uwanja, vumbi linatuingia mdomoni, na Mama akawa anauliza kila mtu, "Huyo wangu anafanya vizuri?"

Alikuwa anafanya vizuri. Dakika za mwisho, 0-0, akapata mpira akiwa peke yake, akataka kumrudishia kipa. Mpira ukawa mlegevu. Wenyeji wa uwanja ule wanajua kuna mahali pana changarawe, mpira ukifika pale husita. Ulisita. Straika wa wale wengine akauwahi kama mwewe na kifaranga. 1-0, na mechi ikaishia hapo.

Jioni nilikwenda kwenye benchi. Ningeweza kukaa nyumbani. Hilo ndilo jambo ninalolifikiria mpaka leo, kwamba hakuna aliyeniita, nilikwenda kwa miguu yangu.

"Yule mtoto wa namba tatu alitolewa wapi?" kondakta alikuwa anafoka.

"Ni mzito. Hana macho."

"Huyo mpira si wake. Heri abaki na magari yake."

Hawakujua ni kaka yangu? Kinyozi alijua, maana alinitazama mara moja akaingia ndani. Wengine sidhani. Daftari lilikuwa magotini pangu, na kikosi cha mtaa kilikuwa mle, kwa maana wiki iliyotangulia walinituma nikiandike na wachezaji wa akiba. "Katibu," kondakta akasema, "kata huyo." Nikahisi macho yote yamenigeukia. Niliogopa kwamba nikikataa watauliza kwa nini, na wakijua kwa nini, sitaitwa Katibu tena. Nilichukua kalamu nikapiga mstari juu ya jina la kaka yangu. Kisha nikapiga mwingine, ili waone kwamba sina huruma.

Siku tatu baadaye umeme uliisha kwenye mita, tukawa na mshumaa. Kaka alitaka karatasi ya kupigia hesabu ya pesa za wiki, akachukua daftari langu mezani, akalifungua kutoka nyuma. Niliona mkono wake umesimama. Alikaa kimya kitambo, nta ikawa inadondoka juu ya kisahani, ndo, ndo, ndo.

"Mwandiko wako ni mzuri," akasema.

Sikujibu.

"Mstari mmoja ungetosha. Huu wa pili ulikuwa wa nini?"

Akalifunga daftari, akaandika hesabu yake nyuma ya bahasha. Kesho yake hakwenda mazoezini, wala kesho kutwa. Viatu vyake vya mpira vikawa vinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila nikifungua mlango viligonga ubao, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi.

Agosti ikaingia, shule zikafungwa. Tarehe 3 Kenya ikaifunga Kongo 1-0. Tarehe 7 tukatoka 1-1 na Angola tukiwa watu kumi. Tarehe 10 ilikuwa zamu ya Morocco, na kinyozi alikuwa amekodi televisheni kubwa akaifunga dirishani. Kaka alikuja. Alisimama nyuma kabisa, mikono mfukoni, kando ya muuza njugu.

Dakika ya 42, Ogam akafunga.

Msomaji, ubao ule ulianguka siku hiyo. Mzee Themanini na Saba alinikumbatia mpaka kofia yake ikanifunika macho. Na kila mtu, bila kubakiza hata mmoja, alikuwa akipiga kelele neno lile lile: "Nilisema! Si nilisema?" Kondakta alisema. Fundi wa viatu alisema. Hata mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme.

"Katibu," sauti ikatoka nyuma. Alikuwa kaka. "Hebu soma ile ya Julai."

Watu wakanyamaza. Nikalifungua daftari kwa vidole vilivyokuwa vinatetemeka. "Ogam," nikasoma. "Alama ya kuuliza."

"Nani aliiweka?"

"Mimi."

"Ulikuwa umemwona akicheza?"

"Sijamwona hata dakika moja."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka stejini. Kaka hakucheka sana, alitabasamu tu kidogo. Kisha mchezaji wetu mmoja akaonyeshwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, kipindi chote cha pili tukacheza watu kumi, na hakuna aliyekumbuka daftari tena. Nakumbuka tu kwamba dakika za mwisho kaka alikuwa ameshasogea mbele, ameushika ubao wa benchi kwa mikono miwili, ananiambia kwa sauti ya chini jinsi mabeki wanavyopaswa kusimama: usimfuate mtu, funga njia. Sikuwa nimewahi kujua kwamba beki anafikiri mambo mengi hivyo. 1-0. Tarehe 17 Ogam akafunga tena, tukaipiga Zambia 1-0, tukaongoza kundi la mauti kwa pointi kumi.

Robo fainali, tarehe 22, unaijua. Madagascar, 1-1, kisha penalti, wakatutoa 4-3. Wale wale Madagascar walifika hadi fainali, wakafungwa na Morocco 3-2, kwa hivyo hawakuwa watu wa kudharauliwa. Lakini usiku ule nani angetwambia hayo? Mtaa ulikuwa kama una matanga. Mara kondakta akainuka.

"Katibu! Andika! Wote waliokosa penalti, kata hao! Kata!"

Kaka alikuwa ameketi kando yangu. Hakunitazama. Alikuwa anatazama televisheni, ambapo mmoja wa vijana wetu alikuwa amejifunika uso kwa jezi.

"Kalamu imeisha wino," nikasema.

"Tangu lini?"

"Imeisha tu."

Kalamu yenyewe ilikuwa mpya. Kaka ndiye aliyeninunulia asubuhi ile, mimi na yeye tulijua. Tulirudi nyumbani bila kuzungumza, na kwa kweli mpaka leo hatujalizungumzia lile jina nililolikata. Lakini asubuhi nilipofungua mlango haukugonga. Msumari ulikuwa mtupu.

Ogam alisajiliwa na Wolfsberger AC ya Austria baada tu ya mashindano, na kwenye benchi kila mtu anadai alimpendekeza. Kaka hajasajiliwa na klabu yoyote kubwa. Bado anaosha magari, na namba tatu ameinyakua, ingawa kinyozi anashikilia kwamba mguu wake wa kulia ni wa kutembelea tu. Akisema hivyo kaka akiwepo, kaka humjibu alete mguu wake wauone.

Juzi tena benchi limewaka moto. Timu ya mtaa inataka kumchukua winga mmoja chipukizi, mvulana wa umri wangu, kutoka upande wa pili wa mto. Fundi wa viatu akasema ni mwembamba mno. Kondakta akasema ana mbio lakini hana akili. Mzee akasema mwaka 1987 winga kama huyo angebeba maji ya kunywa. Wakanigeukia niandike.

"Nani amemwona akicheza?" nikauliza.

Wakatazamana. Muuza njugu akasema aliambiwa na mtu. Kondakta akasema na yeye aliambiwa na mtu, na baada ya kuulizana sana ikaonekana ni mtu yule yule.

Jumapili tulivuka mto, watu saba, Mzee Themanini na Saba akiwa mbele na mkongojo wake, tukaenda kumtazama.