Tumerudi Shituru Tumevaa Sare

Tulitoka Shituru watatu, tukarudi watatu. Ni jambo la shukrani, maana wenzetu kadhaa tulioanza nao hawakumaliza. Sote tumezaliwa kando ya kiwanda kile cha Likasi ambacho kilianza kusafisha shaba mwaka 1929, na baba zetu walitumaini kwamba tutaingia humo kama wao. Lakini mwezi wa Novemba 2022, wakati vita vya M23 vilipokuwa vikiwafukuza watu makwao katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, Rais Tshisekedi aliwaita vijana wa Kongo wajiandikishe jeshini. Tukamsikia redioni, tukaenda. Wala tusiseme uongo: mmoja wetu aliitika kwa kuipenda nchi, wa pili kwa kukosa kazi, na wa tatu kwa sababu hao wawili walikuwa wamekwisha kwenda.

Kambi tuliyofundishwa hatutaitaja. Askari hufundishwa mapema kufunga kinywa. Filimbi ilitutoa kitandani kukiwa bado giza. Amri zilikuja kwa Kifaransa, makaripio kwa Kilingala, na sisi tulilalamika kwa Kiswahili chini ya blanketi. Tulikuwa tumedhani kwamba siku ya kwanza tutapewa bunduki. Kumbe! Majuma ya kwanza tulishika ufagio na jembe, tukajifunza kukunja blanketi, kwenda kwa hatua moja, na kukimbia mpaka malengelenge yakapasuka ndani ya viatu. Baadaye tukapewa vipande vya mti, tukavibeba begani kana kwamba ni silaha; na ole wake aliyekiangusha chake. Bunduki ya kweli ilipokuja, tuliifungua, tukaisafisha, tukaifunga tena mara nyingi sana kabla hatujaruhusiwa kupiga risasi moja.

Kazi tuliyoichukia kuliko zote ni kuchimba mahandaki. Twachimba asubuhi, twafukia jioni, na kesho yake twachimba palepale. Siku moja tulinung'unika hata tukasikiwa. Mwalimu wetu, serjenti mwenye mvi, akatuuliza kwetu ni wapi. Tulipojibu kwamba ni Likasi, akacheka sana. "Ninyi wana wa Jadotville ndio mnaonung'unikia handaki?"

Akatueleza vizuri habari ambayo wazee wetu walikuwa wakitupa nusu nusu. Mwezi wa Septemba 1961, mji wetu ukiitwa bado Jadotville, askari wa Ireland zaidi ya 150, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizingirwa na jeshi la Katanga tangu tarehe 13 hata tarehe 17. Walioshambulia waliwazidi kwa mbali. Lakini mkubwa wao, Kamanda Pat Quinlan, alikuwa amewaamuru vijana wake wachimbe mahandaki kabla ya risasi ya kwanza. Basi walipojitoa, baada ya kuishiwa risasi na maji, palikuwa na majeruhi kati yao, lakini hakufa hata mmoja. Upande wa pili walikufa watu, na baadhi yao walikuwa wa nchi yetu hii ya Katanga. Serjenti hakusema nani alikuwa na haki. Alisema tu, "Chimbeni." Tangu siku ile tulichimba bila maneno, ingawa hatukuanza kuipenda kazi yenyewe.

Somo jingine lililotukaa moyoni lilitolewa chini ya mwembe, wala halikuhitaji nguvu za mwili. Tulifundishwa kwamba Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 28, yasema kwamba hakuna mtu anayelazimika kutimiza amri ambayo ni dhahiri kuwa haramu. Mwenzetu mmoja aliinua mkono. "Na kama anayeamuru ameshika bastola?" Mwalimu alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo twawaambia leo, kabla hamjakutana naye." Hatukuridhika na jibu lile, na mpaka sasa hatujaridhika, walakini hatukupata kusikia lililo bora.

Mwishoni tukala kiapo mbele ya bendera, tukawa askari wa daraja la pili, daraja la chini kabisa, tukapewa siku saba za kwenda kuaga nyumbani. Tulirudi na sare zetu zimepigwa pasi, nasi tukitazamia kupokewa kwa vigelegele.

Mama zetu kweli walipiga vigelegele. Lakini watoto waliokuwa wakicheza njiani walitawanyika walipotuona kwa mbali, na bibi ya mmoja wetu, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena, alipozitambua sare akauliza, "Mmekuja kuchukua nini?" Mjukuu wake akajitaja jina. Bibi akacheka, nasi tukacheka pamoja naye, ila usiku ule hatukulala mapema.

Bibi huyu hakujitungia hofu yake. Mwezi wa Julai 1960, siku chache tu baada ya uhuru, askari waliasi, na nchi nzima ikatetemeka. Mwaka 1991 askari wasiolipwa vema walianza kupora Kinshasa, na uporaji ukaenea hata miji mingine, Katanga haikusalimika. Miaka ile sisi tulikuwa hatujazaliwa. Lakini sare tumeirithi, na mtu aionapo hauulizi umri wa aliyeivaa.

Siku ya pili tulitumwa sokoni kununua unga wa bukari. Mama muuza unga alijaza meka mpaka ukamwagika, akatufungia, kisha akarudisha mikono nyuma tulipomnyoshea pesa. "Chukueni tu, wakubwa." Wakubwa! Sisi tulio wa umri wa watoto wake. Mikono yake ilitetemeka. Tulimsihi, hakukubali, tukaziweka pesa juu ya gunia, tukaondoka. Tulipogeuka nyuma zilikuwa bado palepale, naye hakuthubutu kuzigusa.

Kesho yake tulirudi kwake na nguo za kawaida. Hakututambua. Tulipoomba apunguze bei alitukaripia mbele ya soko lote: "Ninyi vijana, mwadhani unga waokotwa njiani?" Tulilipa bei yake kamili, na tuliondoka na furaha kuliko siku ya kiapo.

Siku ya saba tulivaa sare tena, maana lori lilikuwa likitungoja, na mama mmoja alitaka tubebe unga wa safari. Tulisimama mbele ya meza ileile. Yule mama alianza kujaza meka upesi upesi kama mara ya kwanza; halafu akainua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Kumbe ni ninyi wa bei?"

"Ni sisi, mama."

Akaumwaga unga uliozidi, akausawazisha kwa kiganja. Akapokea pesa, akazihesabu mbele yetu noti moja moja, akakunja uso kwa moja iliyochakaa, akaikubali. Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akaturudishia faranga 500 zilizobaki.